Mnyama wa Pembe Mbili Sebuleni kwa Mama

Mkitaka kunicheka, chekeni. Mimi mwenyewe nilishaanza.

Ninatengeneza simu hapa Matiliku, na jioni ni gemu tu. Jumamosi nilikuwa kwa mama, nikibishana na rafiki kwa simu kwamba yule mnyama wa gemu yetu anayelala ziwani, pembe yake ya kushoto ni kiangazi na ya kulia ni mvua. Mama alikuwa jikoni, akasikia yote.

Kesho yake, baada ya ibada, pasta akaja pale kwa mama na akina mama wa kanisa. "Kijana, huyo mnyama ulimwona wapi?" akauliza polepole.

Wueh, nilifurahi! Nani amewahi kuniuliza hivyo? Nikaeleza pembe, mabawa, mpaka jicho la tatu.

Ghafla nikahisi mikono kichwani. "Mapepo, mtoke!" wakapaza sauti.

"Pasta, ni gemu!" nikalia, nikiinua simu waone.

Wakaitazama simu. Kumbe mama alikuwa amewaambia nina mapepo, nao wakatembea juani wote hao, kuniokoa mimi. Aibu ilinichoma, lakini shukrani ilizidi.

Mama Mutheu, mmoja wa akina mama hao, akavua viatu, akaketi. "Basi maliza. Mkia hukutuambia ni wa nini."