Goti lisilo na chukudu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliporudi mikono mitupu kutoka upande wa Lac Vert alikokwenda kuchukua makaa, tulijua chukudu yake imeporwa njiani pamoja na makaa yote. Baiskeli ile ya mbao alikuwa ameichonga mwenyewe, kuanzia magurudumu hadi usukani. Tangu hapo alikaa mlangoni kwao, mtaa wa Mapendo, akitazama njia, bila kuongea na mtu.

"Weye unajuaka kutengeneza kila kitu," dada yangu aliniambia. "Mufanyie ata kitu kimoja aongee."

Ni kweli, mikono yangu haitulii. Niliacha shule mapema, nikazunguka Beni, Butembo, Bukavu, kila mahali nikijifunza kazi nusunusu. Siku zile nilikuwa nikitazama kwenye simu vinyago vidogo vya kuchezea, vyenye vichwa vikubwa, ambavyo watu hutengeneza kuonyesha huzuni au hasira iliyomo ndani yao. Nikafikiri, akiuona uchungu wake nje, akaushika mkononi, labda utamfungua mdomo.

Nikachukua waya na kandambili ya zamani ya shemeji. Nikakata mtu: goti moja limekunjwa kama la mwendeshaji linavyokaa juu ya ubao wa chukudu, mguu mwingine unasukuma nyuma, mikono imeshika usukani. Chukudu yenyewe sikuiweka, makusudi. Uchungu ulikuwa kwenye ile nafasi tupu.

Lakini kinyago hakikusimama. Nilikifunga jiwe la volkano tumboni, kikaanguka kifudifudi. Nikalihamishia mguuni, kikaanguka chali.

"Weye! Umetengeneza mulevi," dada akacheka. Lakini mume wake alikuwa amenyoosha mkono kukichukua.

Alikisimamisha juu ya paja kwa kidole kimoja. Alipoondoa kidole, kikaanguka. Akakisimamisha tena. Asubuhi nzima hivyo hivyo, nami pembeni najuta kukitengeneza.

"Umupe chukudu," akasema mwishowe.

Dada akaniminya bega. Nilikimbia kutafuta kipande cha mbao, nikachonga chukudu ya ukubwa wa kiganja, na pale goti linapokaa nikapigilia raba, kama wanavyofanya wenye chukudu. Kinyago kilisimama juu yake bila kutikisika.

Shemeji alikitazama sana. Kisha akanigeukia mimi, macho yamechangamka.

"Na yangu?"

Mti wa chukudu ya kweli sikuwa nao, wala sikujua pa kuupata. Nikainama, nikaanza na nilichokuwa nacho: kuokota misumari iliyobaki chini.