Pedali Yangu na Jua la Uroa

Shukrani zote ni za Mola aliyetupa masikio ya kusikia mazuri, akatupa na haya ya kutufunika uso pale tunapojifedhehesha. Nimemshukuru kwa mengi katika umri wangu huu, na siku ile ya Uroa pia namshukuru, ingawa (nisiwafiche, ndugu zangu) mpaka leo nikikutana na mtu wa Uroa pale Forodhani mimi hujifanya naangalia mishikaki.

Mimi ni fundi redio, Mji Mkongwe. Mkwe wangu Nassor, mume wa binti yangu Salma, anapiga gita la umeme, na alikuwa ameitwa Uroa, kijiji cha pwani, akajaribiwe na Bi Asha, mwenye hoteli aliyetaka mpigaji wa kudumu. Salma alikuwa na mimba kubwa, Nassor hana kazi, basi kazi ile tuliiombea dua nyumba nzima. Nassor alitamani pedali ya fazi, kisanduku ambacho mpigaji hukikanyaga na gita likaacha upole wake likaanza kukwaruza kama koo la mtu aliyelia sana. Nikamwambia, "Usinunue, mwanangu. Ntakuundia mwenyewe, ya mtindo wa kizamani, kwa transista za kizamani." (Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza.)

Transista nilikuwa nazo, nilizichomoa kwenye redio mbovu. Kila siku nikishasali alfajiri nilikaa mezani, nabadilisha hii, najaribu ile, nachoma risasi ya kuungia waya, nasikiliza, mpaka nikapata mbili zilizoelewana kama watu wa ndoa kongwe. Nikaziundia kisanduku cha bati, nikakipaka rangi nyeusi na kukitia vifundo vya redio ya zamani, kionekane kama cha kurithi. Sauti yake ilikuwa tamu, inanata kama halua. Mke wangu, Bi Rukia, akaniuliza:

"Mbona huijaribu mchana?"

"Asubuhi ina baraka, mke wangu."

"Na mchana una jua. Kwani huko Uroa atapiga chumbani mwako?"

Nilijua fika kwamba transista za aina ile hazipendi joto. Lakini mchana nina wateja, kisha najinyoosha kidogo, na mwanamme akishajiona ana baraka hamsikilizi mkewe.

Uroa tulimsindikiza mimi na Bi Rukia. Nassor alianza kupiga baada ya Adhuhuri, juu ya jukwaa la mbao mchangani, jua linachoma, wageni wanakula, na watu wa kijiji wamejaa pembeni, wengine wametoka moja kwa moja kuvuna mwani baharini. Wimbo wa kwanza alipiga bila pedali na watu wakatikisa vichwa kwa raha. Wa pili akaikanyaga. Badala ya halua ikatoka sauti ambayo adabu hainiruhusu kuiandika, ndefu, ikakatika, ikarudi.

"Jamani, nani kala maharage?" kijana mmoja akapiga kelele.

Nassor akainama aichomoe, nami (kiburi, ndugu zangu, si kingine) nikapanda jukwaani mbio na kanzu yangu nikamshika mkono. "Iache! Joto tu hilo!" Nikachota barafu kwenye ndoo ya soda, nikaitia ndani ya kofia yangu iliyoshonwa kwa mkono, nikapiga magoti miguuni pa mkwe wangu nikaibana ile barafu juu ya bati. Wallahi, utamu ukarudi! Lakini barafu ikiyeyuka na sauti inaharibika, basi nikawa nainama zaidi na zaidi niisikilize, mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Astaghfirullah! Mzee wa watu anasujudia gita!"

"Mzee, kibla upande huu!" akaniita bibi mmoja wa mwani, na mkono kaunyoosha kabisa kunielekeza.

Mimi ninayesomesha watoto Kurani! Nami badala ya kuinuka nikaongeza barafu, maji yakapenya ndani, spika ikapiga ukelele hata Bi Asha akaziba masikio. Nassor akaniinamia, akasema taratibu, "Baba, nakuomba, niachie kazi yangu."

Nikashuka. Akaichomoa pedali, akachomeka waya moja kwa moja kwenye spika, akapiga gita lake tupu, polepole, mpaka waliokuwa wakinicheka wakanyamaza. Bi Asha akateremsha mikono. Mwisho akamwita Nassor.

"Jumamosi njoo uanze. Ila kile kidude, na yule mzee, wabaki mjini."

Bi Rukia hakunicheka mbele ya watu; alisubiri tufike nyumbani. Nami nikasali rakaa mbili za shukrani, kwani mkwe wangu kapata kazi pale tu alipochomoa kazi yangu. Nilidhani nataka yeye asikike, kumbe nilitaka nisikike mimi. Nimeweka nadhiri: simpi tena mtu kitu nilichokiunda mpaka kikae juani mchana kutwa, na mimi nimekaa pembeni yake.

Nawe uliyenisoma, Mola akujaalie watu wa kukwambia ukweli kwa upole, na akupe moyo wa kuwasikia mapema. Amin.