Bunduki na Chupa Mbili

Mume wangu hapendi kufundishwa kazi anayoamini anaijua. Alishika bunduki mara ya kwanza akiwa kijana, katika kambi ya jeshi Tanzania, akaambiwa bunduki ni mafuta na kitambaa, maji ni adui. Imani hiyo alihama nayo hadi ghorofani kwetu huku ughaibuni, Etobicoke, pamoja na ubishi wake.

Bunduki yenyewe aliipata kwa rafiki yake, mzee wa Kikongo aliyefanya naye kazi kiwandani. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, alimkabidhi kihalali na kumwomba jambo moja tu, isishike kutu. Risasi wanazopenda ni za zamani, mabaki ya majeshi, bei nafuu, na kila zikipigwa huacha chumvi ndani ya mtutu. Kwa hiyo mzee alisisitiza: maji ya moto kwanza, mafuta baadaye. Mume wangu aliitikia kwa heshima, kisha akaja kumcheka nyumbani.

"Chumvi haitoki kwa mafuta," nikamwambia. "Ungewahi kuosha ng'onda, samaki wa chumvi, ungejua."

Akanuna. Lakini Jumamosi moja mzee alipiga simu kusema kesho yake atapita kuiona bunduki. Nikamwona bwana mkubwa akichukua chupa ya maji ya moto mezani bila kunitazama, akaenda zake uwanja wa shabaha. Nikafurahi kimya kimya.

Sasa, kwetu chupa za mezani ni mbili siku zote, zinafanana kama mapacha: moja ya maji, moja ya chai. Saa kumi nilipojimiminia chai, yakatoka maji matupu.

Alirudi amenywea. Chai yangu ya maziwa na tangawizi, na sukari nisiyoionea huruma, yote ilikuwa imepita mtutuni na kulowesha mpaka mbao za kitako.

"Inanata," alisema.

Sikumcheka mbele yake. Nilikwenda jikoni kwanza. Kisha nikachemsha birika baada ya birika, naye akapiga magoti bafuni akiosha, akikausha, akipaka mafuta. Nilimhurumia kweli. Alichoogopa kuharibu ni imani ya mzee yule, na rafiki wa namna hiyo katika mji huu hana wa pili.

Kesho yake mzee akaja. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akauelekeza mtutu dirishani, akachungulia kwa muda mrefu. Akaushusha.

"Iko safi?" akauliza.

Hapo nikajua hakuwa ameona kitu. Mume wangu, anayebishana hata na watabiri wa hali ya hewa, alijibu kwa upole: "Safi kabisa, mzee. Inang'aa."

Mzee akaridhika. Akausogeza mtutu puani, akanusa, akanusa tena, akashangaa kwa Kiswahili cha kwao Kongo:

"Sasa juu ya nini inanukia tangawizi?"