Mechi Niliyokatazwa Kusema "Mbaya"

Kwetu Lodwar kitu hakiwi kitamu tu, kinakuwa kitamu mbaya. Jua linachoma mbaya, mbuzi wa jirani ni mwizi mbaya, na mtu akikupenda sawasawa anakupenda mbaya. "Sana" tunawaachia wachungaji na watu wa redio. Mimi neno hilo nilikuwa naliweka hata kwenye insha, na mwalimu wetu wa Kiswahili analizungushia wino mwekundu mpaka daftari linaonekana limeumwa na mbu.

Kwa hiyo siku tuliyoenda Kakuma kwa mechi ya kirafiki, mtangazaji wetu akakaukiwa sauti njiani, mwalimu alinitazama kama mtu aliyeishiwa. Maik hiyo nilikuwa naiota tangu Form One.

"Nitakupa," akasema. "Lakini kijana, ukilitamka lile neno lako hata mara moja, unanirudishia hapo hapo. Sema sana. Sema mno. Goli haliwezi kuwa zuri na baya."

"Sawa, Mwalimu. Asante mno."

Uwanja ulikuwa vumbi tupu, umezungukwa na watu: Waturkana wa mjini, Wasudan Kusini wa kambi ya wakimbizi, akina mama wa Kikongo na beseni za mandazi. Nikaanza. "Pasi nzuri mno," nikasema, na mtoto mmoja akamuuliza mwenzake kama huyu ni padre.

Halafu winga wa Kakuma akawapita mabeki wetu, ulimi ukanikimbia. "Huyu jamaa ana mbio..." Nikauma meno. Vijana nyuma ya goli wakanimalizia: "Mbayaaa!"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akanitazama. Sikuwa nimesema kitu.

Basi nikafungua kazi. "Kipa wetu ni mrefu..." "Mbaya!" "Refa amechoka..." "Mbaya!" Wasudan Kusini wakaona wanaachwa, wakatia la kwao la Kiarabu: "Shedid!" Bibi mmoja wa Kiturkana, shanga hadi kidevuni, akaongeza "nooi," lile tunalobandika kwenye ejok, yaani nzuri, tukiulizwa hali. Akina mama wa mandazi wakaja na "kabisa kabisa" yao inayoimba. Nilikuwa natupa sentensi nusu, uwanja unadaka. Hata mpira wenyewe ulikuwa umesahaulika kidogo.

Mwalimu akainama sikioni kwangu. "Unajiona mjanja."

"Mwalimu, mimi natangaza tu. Hao ni wananchi."

"Wananchi sikupatana nao. Nilipatana na wewe, na ninasikiliza."

Tulikuwa tunaongoza kwa goli moja refa alipowapa Kakuma penalti dakika za mwisho. Kipa wetu ndiye ninayekaa naye dawati moja. Alipunga mikono yake miembamba kama anafukuza nzi, mpira ukaja, akauzuia kwa ugoko. Refa akapuliza ya mwisho.

"Ameokoa," nikanguruma, "kipa wetu ameokoa poa..."

Kimya.

Ningepaswa kujua. Uwanja wote ni wa Kakuma, na mimi nilikuwa nawaomba watie chumvi kwenye msiba wao. Bibi wa shanga alikuwa ameshabeba kiti chake. Sentensi yangu ikabaki inaning'inia kwenye spika. Kando yangu mwalimu, kiganja wazi tayari. Kule golini rafiki yangu, magoti kwenye vumbi, uso umeelekea meza yangu, anasubiri kuambiwa amefanya nini.

Ningeweza kusema mno. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kumwambia vile mtu ambaye ametoka kuzuia penalti ni kama kumpa soda ya moto.

"Mbaya," nikasema, polepole, lote, lifike hadi Kalobeyei.

Nikaiweka maik kwenye kiganja cha mwalimu kabla hajaomba, nikatimua mbio. Nyuma spika ikakohoa, mwalimu akaanza kuwashukuru wenyeji kwa Kiswahili sanifu. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshamrukia kipa, tumeanguka wote, tunapigiana kelele usoni, vumbi limejaa mdomoni, neno ni hilo hilo moja.