Kiti cha Pembeni mwa Uwanja

Kipenga ambacho nyapara alichezeshea mpira Jumapili ndicho alichowaamshia manamba, vibarua wa mkataba, alfajiri, kwa hiyo kilipolia, wakata mkonge wa shamba la Kimamba walinyoosha migongo hata wakiwa uwanjani. Nyapara huyo alikuwa na vidole vyembamba visivyotulia, na sauti ya chini isiyorudia neno.

"Anatuonea waziwazi, anaibeba timu ya ofisi," Beda, mmoja wa wakata mkonge, alimnong'oneza mwenzake Lupakisyo.

"Nyamaza. Kesho ndiye atakayekagua mafungu yako ya mkonge," Lupakisyo alimjibu.

Lupakisyo alikwisha kuona kwamba kabla ya kupuliza, jicho la nyapara hukimbilia kwanza kiti cha meneja Mzungu, pembeni mwa uwanja.

Jumapili moja meneja alikwenda Kilosa. Kiti kikaletwa kama kawaida, kikabaki kitupu. Beki wa ofisi akaudaka mpira kwa mikono miwili mbele ya goli, kila mtu akiona. Nyapara akatia kipenga mdomoni, akakigeukia kiti. Jasho likamchuruzika hadi kidevuni, na kipenga hakikulia. Lupakisyo, aliyeingoja siku hii ili azomee mpaka sauti imkauke, alifungua mdomo. Ndipo alipogundua kwamba yeye pia, na uwanja mzima, walikuwa wanakitazama kile kiti.