Swali Langu Darasa la Kipaimara

Nilisikia fimbo ikigonga meza kabla sijaona chochote. Ilikuwa juzi, nilipopita karibu na dirisha la kanisa letu, huku juu ya Lushoto. Papo hapo nikaikumbuka alasiri moja ya darasa la kipaimara, na harufu ya masweta yaliyolowa ukungu.

Mwinjilisti aliyetufundisha alikuwa ametusomea jinsi Yesu alivyomuuliza kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani Yesu hakuona kwamba yule ni kipofu?"

"Kaa chini, mchungaji!" alininong'oneza jirani yangu, na wenzangu wakacheka.

Fimbo ikagonga meza. "Binti, hapa maswali nauliza mimi. Omba radhi, la sivyo Jumapili hubarikiwi."

Gauni langu jeupe la kubarikiwa mama alikuwa ameshalishona.

Siku ile nilidhani kweli Yesu hakujua. Leo naamini alijua. Ila umati ulikuwa umemkemea yule maskini anyamaze, naye Yesu akataka kumsikia akisema mwenyewe.

"Mbona hata Yesu aliuliza, mwalimu?" nilimjibu mwinjilisti. Nikachukua daftari langu, nikatoka bila kuomba radhi, naye akaubamiza mlango nyuma yangu.