Nyange na Mguu wa Yasser

Nyange hakuwa daktari, na yeyote anayewaambia alikuwa daktari hakumjua. Alikuwa mpaka rangi za nyumba, mtu wa Jadida, hapa Wete, mwembamba, mbishi, asiyejua kusema jambo taratibu. Lakini mpira ukichezwa, yeye yuko pembeni na mkoba wake: bandeji, barafu ndani ya chupa ya chai, vibao viwili vya mti wa mkarafuu. Kazi ile alifunzwa na muuguzi mmoja wa bara, Bi Petronila, aliyechoka kuletewa vifundo vya miguu vilivyokwisha kuharibiwa kwa kukandwa.

Sheria yake ilikuwa moja. Mchezaji akianguka, kwanza anaubonyeza kwa kidole gumba ule mfupa uliotokeza ubavuni mwa kifundo, halafu anamwambia asimame aende hatua nne. Ukiuma mfupa wenyewe, na hatua nne haziendeki, basi mguu haukandwi. Unafungwa vibao, unapelekwa hospitali kupigwa picha. "Kano ikiteguka nipeni mimi," akisema, "mfupa ukivunjika msimpe mtu mafuta." Vijana walimcheka, wakimwita Profesa Hatua Nne, na wote walikimbilia kwake. Mwanangu Yasser alipita mikononi mwake tangu ana miaka kumi na miwili.

Kisha vikaja vyama vingi. Baada ya uchaguzi wa tisini na tano Pemba iligawika, na asiyekuwapo asituambie tunatia chumvi. Dukani kwa mtu wa upande wa pili hununui. Harusi yake huendi, maiti wake humziki. Nyange alikuwa upande wao. Mimi, Marhoun, nilikuwa katibu wa timu na mtu mkubwa wa upande wetu, na ni mimi niliyemwambia asilete tena mkoba wake uwanjani. Akaniuliza, "Kwani mguu unapiga kura, Marhoun?" Nikamjibu kwa neno ambalo siliandiki hapa.

Yasser alikuwa na miaka kumi na tisa, winga, mbio zake hazishikiki. Timu kubwa ya Unguja ilimwita aende akajaribiwe, na zilibaki wiki mbili tu. Ndipo kwenye mechi na vijana wa Kiuyu beki mmoja akamwangukia mguuni, kifundo kikapinduka. Tulimbeba mpaka nyumbani. Nikatuma gari Chokocho ikamchukue Kificho, mkandaji, ambaye sifa yake kubwa kwangu ilikuwa chama chake.

Kificho hajafika, Nyange akabisha mlango wa uani. Alikuwa ametazama mchezo kutoka barabarani. Hakutia mguu ndani. Alisema kwa sauti ya chini, na mtu yule hakuwa na sauti ya chini: "Marhoun, nimemwona alivyojaribu kuukanyagia. Mguu uno umevunjika. Usikandwe. Nitukane kesho, leo mpeleke hospitali. Kama hutaki nimguse, simgusi."

Nilimwelewa. Sitasema sikumwelewa. Lakini barazani kwangu walikuwa wamekaa watu wa upande wetu, na niliogopa watasikia ninazungumza naye. Nikamwambia, "Ondoka, hatuzitaki fitina zenu," nikafunga mlango. Yasser akauliza kutoka chumbani ni nani. Nikasema muuza samaki.

Kificho alikanda siku tisa, kwa mafuta ya nazi ya moto. Simlaumu, alifanya aliloitiwa. Kijana alikuwa akiuma kanga ya mama yake, Hamdiya, ili majirani wasimsikie. Mguu ukavimba, ukawa mweusi, kisha uvimbe ukashuka na tukasema alhamdulillahi. Alipokuja kusimama, unyayo ulikuwa umeelekea nje. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa baba, na guu likawa la mwana.

Unguja walichukua winga mwengine. Mwezi wa tatu tangu aumie, Hamdiya, bila ya kuniuliza, akamwita Nyange mchana kweupe, mbele ya watu wote wa barazani. Nyange akapiga magoti, akaubonyeza mfupa kwa kidole gumba.

"Umeunga upande, mwanangu," akasema. "Mpira basi."

Yasser hakulia. Akamuuliza, "Ami Nyange, siku ile nilikuona barabarani. Kwa nini hukuja? Kwa ajili ya vyama?"

Nyange alinitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema, na muda nilikuwa nao wa kutosha. Sikusema. Alipoona sisemi, akamjibu, "Nisamehe, mwanangu. Ndivyo." Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Alikufa mwaka wa 2004. Siasa zilikuwa zimepoa kidogo, na hata watu wa barazani kwangu walikwenda kumzika. Nikamwambia Yasser twende. Alikuwa amekaa mlangoni akivaa kiatu cha kulia, kile ambacho fundi hukiongezea soli upande mmoja. Akakivua.

"Nenda wewe, baba," akasema. "Yule aliniona nimevunjika akaniacha."

Nikaenda peke yangu. Nilitia udongo mara tatu kama wenzangu, nikarudi nyumbani, na mpaka leo sijamwambia.